Waya Alizozinyoosha Rula

Mwenye kampuni alipotaka kuwatoa watu kwenye nyumba za kiwanda hakuleta askari wala tingatinga. Alileta wakili mwenye viatu vinavyong'aa na faili jembamba, na ndani ya faili lile hapakuwa na karatasi hata moja inayosema kwamba wafanyakazi waliwahi kuahidiwa nyumba. Haikuwamo kwa sababu haikuandikwa. Mameneja wa zamani walikuwa na akili hiyo: mazuri waliyasema kwa mdomo, mabaya wakayapiga chapa na kuyabandika ukutani.

Nyumba zenyewe zilikuwa sitini na nne, safu nne za vyumba viwili viwili nyuma ya ukuta wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilishauzwa. Mashine za kufumia ziling'olewa zikaenda kuwa chuma chakavu, na mnunuzi sasa alitaka uwanja mtupu. Wakazi walikuwa na kitu kimoja tu cha kumjibu, nacho ni tepu. Miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya mgomo wa siku kumi na moja, meneja wa wakati ule alisimama kwenye kantini akaahidi kwamba atakayetimiza miaka kumi na tano kazini, nyumba itakuwa yake. Chama cha wafanyakazi kilirekodi mkutano wote. Kampuni nayo ilirekodi, ila tepu yake, wakili alisema kwa masikitiko makubwa, imepotea. Wenye makampuni wana ugonjwa huo: husahau kwa mpangilio.

Tepu ya chama ilikuwepo. Tatizo ni kwamba haikusikika.

Jumatatu waliicheza mbele ya msuluhishi aliyepewa kuamua shauri hilo, kwenye ofisi ya kampuni, kwa mashine ileile ya chama, sanduku la chuma lenye magurudumu mawili ya tepu juu na amplifaya tumboni. Hakuna mashine nyingine mjini iliyoweza kuchukua tepu pana kama ile. Ikatoka sauti moja nene, *mmmmm*, imejaa chumba kizima, na chini kabisa ya sauti hiyo kulikuwa na mtu anaongea kama aliyefunikwa magodoro.

"Mheshimiwa," wakili alisema, "mimi nasikia nyuki. Kama ni nyuki walioahidi nyumba, basi waitwe watoe ushahidi."

Makarani wake wakacheka. Msuluhishi hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Alhamisi saa nne asubuhi. Mkija na sauti ya mtu, nitaisikiliza. Mkija na mvumo huu, nafunga jalada." Kisha akalifunga boksi la tepu kwa utepe wake.

Aliyeaibika kuliko wote ni katibu wa kamati ya wakazi. Huyu alikuwa mfumaji kwa miaka thelathini, na mtaa mzima ulimwita Rula, kwa sababu hakuwahi kuona kitu kimepinda akakiacha. Majirani walimwona akinyoosha viatu vya wageni mlangoni. Mkewe alikuwa akisema kwamba siku mumewe akifa, kaburi litachimbwa kwa timazi, vinginevyo marehemu atatoka alirekebishe. Huyo, kwa kauli yake, ndiye aliyesimama kwenye kantini miaka ile na kumbana meneja mpaka ahadi ikatoka. Alilisimulia hilo kila mwaka, na kila mwaka meneja wa kwenye simulizi alizidi kutokwa jasho.

Jumanne asubuhi Rula alikopa mkokoteni, akaifunga mashine kwa blanketi, akaisukuma hadi nyumba namba arobaini na moja, kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe.

"Hodi!"

"Karibu, shemeji. Umeniletea mgonjwa au maiti?"

"Mgonjwa. Usinitajie maiti leo, nina nyumba sitini na nne mgongoni."

"Moja yao ndiyo hii unayoikanyaga na matope. Vua viatu."

Mwanamke huyu watu walimwita Fundi, na jina hilo alipewa na mtaa. Kiwanda hakikumpa. Kadi yake ya kazi, miaka ishirini na miwili, ilisema mfagizi. Alifagia karakana ya umeme. Wahandisi walipotupa michoro yao kwenye pipa, yeye aliikunjua, akainyoosha kwa pasi nyumbani, akainakili kwenye madaftari ya shule. Alisoma kwa macho yake mwenyewe, akiwa ameshika ufagio, huku wenye vyeti wakimwambia asogee wapite. Kufikia mwaka wa nane ni yeye aliyekuwa akiinama chini ya mashine zilizogoma, na msimamizi ndiye aliyetia sahihi kwamba amezitengeneza. Msimamizi yule alistaafu na saa ya ukutani na hotuba. Fundi alistaafu na mgongo. Yanasemwa haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba ujuzi unakaa kwenye cheti, na wengi wao ndio waliokuwa wakimwamsha mfagizi alfajiri aje kuwasha kile walichoshindwa kukiwasha wao.

Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza moja tu, chini ya dirisha. Vifaa vilitundikwa ukutani, na kila kimoja kilichorewa umbo lake kwa chaki ili kikikosekana ionekane. Rula alipenda sana ukuta ule.

Fundi aliichomeka mashine, akangoja. Nyuma ya sanduku zilisimama taa tano za kioo, zile ambazo wenyewe huziita valvu. Polepole kila moja ikawaka tumboni rangi ya kaa la moto. Kisha mvumo ukaanza. Akaweka mkono wa kushoto mfukoni.

"Mbona unaficha mkono?" Rula aliuliza.

"Humu ndani kuna volti mia tatu. Mkono mmoja ukigusa, unapigwa kofi. Ikigusa miwili, umeme unapita moyoni, halafu dada yangu anakuja kuniuliza kwa nini nimekufa wakati nyumba haina mtu wa kuipigania."

Kwa mkono wa kulia akachomoa valvu ya kwanza, ile iliyo karibu na tepu, kwa kitambaa. Mvumo ukakatika. Akairudisha. Mvumo ukarudi.

"Umeona? Kelele inaingilia mlangoni. Haitoki jikoni." Akavuta kigoda. "Sikiliza, shemeji. Kila valvu ina uzi wa moto tumboni, kama wa balbu. Uzi huo haubebi sauti hata chembe. Kazi yake ni kupasha tu. Bila joto, valvu ni chupa. Sasa umeme wa kupasha unatoka kwenye transfoma, nao haukai kitako, unakwenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde moja. Na hapa kwenye valvu ya kwanza unapita pua kwa pua na sauti ya tepu, ambayo ni ndogo kuliko pumzi ya mtoto aliyelala. Umeme ukikohoa kidogo, umemfunika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tuone unavyopita."

Alizima, akagusisha waya kwenye kapasita kubwa, kikopo kinachotunza umeme, kuondoa uliobaki, kisha akaigeuza mashine kifudifudi na kufungua bamba la chini.

Ndani, waya za kupasha zilikuwa zimelala sambamba, zimenyooka, zimeachana kwa upana wa kidole, na kila inchi chache zimefungwa kwa uzi mweupe.

"Nani alizichana hizi waya?"

Rula alijua jibu. Ni yeye. Miaka sita nyuma, siku ya kusafisha ofisi ya chama, aliifungua mashine apulize vumbi, akakuta waya zimesokotana mbilimbili kama nywele za mtu aliyeshtuka usingizini. Mtu aliyefuma miaka thelathini hawezi kuona hivyo akapita. Kwenye mtande, zile nyuzi za urefu, mbili zikisokotana kitambaa kina kasoro, na kasoro ina jina lako. Akakaa saa tatu. Akazifumua, akazinyoosha, akazipanga. Waya wa tatu, uliotoka katikati ya transfoma na kufungwa tu kwenye bati bila kwenda popote, akaukata kabisa na kisiki chake akakifunga kwa utepe kisionekane. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya nje ya kiwanda. Tangu hapo mashine ilivuma kila mkutano, na watu wakasema ni uzee.

"Zilizaliwa hivyo," Rula alisema.

"Hivi?"

"Hivyohivyo. Ni za wazungu wa zamani, watu wa mpangilio."

Fundi alimtazama kidogo. Hata hivyo, alikuwa na tabia moja ya mtu aliyejisomea: aliwaheshimu waliobuni kuliko alivyojiheshimu. Kama waliozitengeneza walizilaza hivi, akawaza, basi walikuwa na sababu, na ubovu uko kwingine. Akaanza kuutafuta huko kwingine.

Alibadilisha kapasita mbili za umeme zilizovimba. Akasugua miguu ya kila valvu kwa kifutio cha penseli. Akalehemu upya viungo kumi na tisa, kimoja kimoja, akikipulizia kila kimoja kama anayepoza uji. Jumanne ikaisha. Jumatano asubuhi akaendelea. Kila akiwasha, *mmmmm*. Rula alikaa kwenye kigoda akimpa vifaa na kuvirudisha kwenye maumbo yao ya chaki, na kila kimoja alichorudisha kilimchoma mkononi.

Saa sita mchana Fundi aliweka chini chuma cha kulehemu.

"Nimeshindwa, shemeji. Transfoma hii haina waya wa katikati. Sijawahi kuona. Labda hawa jamaa walibana matumizi. Dawa ni kuifungua na kuisuka upya iwe na katikati yake, nayo ni kazi ya wiki nzima. Nenda ukamwombe msuluhishi wiki."

"Hatoi wiki."

"Basi tufungashe vyombo."

Alisema hivyo bila hasira, akifuta mikono, na hapo ndipo Rula alipoona kwamba mwanamke huyu anakubali kushindwa na kitu ambacho hakimshindi. Nyumba sitini na nne zilikuwa zinaanguka kwa sababu mtu mmoja mwenye mashati yaliyonyooka hakutaka kuchekwa na shemeji yake.

"Waya wa katikati ulikuwepo," alisema. "Niliukata mimi. Na hizo zingine nilizinyoosha mimi. Zilikuwa zimesokotwa."

Nje jirani alikuwa anapiga zulia.

"Ulizinyoosha," Fundi alisema.

"Zilikuwa vibaya."

"Zilikuwa vibaya! Siku nzima na nusu, Rula! Nimemtukana mtu asiyejulikana, mhandisi wa watu huko kwao, nikamwita bahili, kumbe bahili nimeketi naye!" Alisimama, akazunguka meza, akarudi, na ghafla kicheko kikamtoka puani. "Saa tatu za kunyoosha. Na uzi ukafunga. Na fundo la mfumaji. Mimi nimeliona fundo hilo jana, nikajiambia kumbe mafundo yanafanana duniani kote."

"Nisamehe, shemeji."

"Sina nafasi ya kukusamehe. Shika hapa."

Alikata nyuzi zote nyeupe, akang'oa zile waya zilizochoka, akachukua waya mbili mpya, akafunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango na nyingine kwenye drili ya mkono. Akamwambia Rula azungushe.

"Moja inapeleka, nyingine inarudisha. Zikilala mbalimbali, kila moja inapiga kelele zake. Zikikumbatiana, kelele ya huyu inaua kelele ya yule. Ni kama wewe na dada yangu: mkikaa vyumba tofauti mtaa mzima unawasikia. Zungusha! Zaidi. Kaza."

Rula alizungusha. Kila mzunguko ulipingana na mikono yake.

Alichofanya Fundi baada ya hapo, Rula alikuja kukisimulia mara nyingi, na safari hii bila kuongeza chumvi. Alizibana waya zilizosokotwa kwenye pembe ya bati, mbali kabisa na njia ya sauti, akazipandisha kwenye kila valvu kutoka juu kama mtu anayeruka ukuta asikanyage bustani. Akaubandua utepe kwenye transfoma, akakikuta kisiki cha waya wa katikati, urefu wa punje ya mchele, akakilehemu na kukiunga na chesisi, lile bati lenyewe la sanduku. "Huu ndio ulioshika mizani," alisema, "nusu huku, nusu huku. Ukiukata, mizigo yote inalalia upande mmoja." Akawasha. Mvumo haukuwepo tena. Ila ukitega sikio kwenye spika uliusikia, mbu aliye chumba cha pili.

Rula alipiga makofi. Fundi akatikisa kichwa.

"Meneja yule alikuwa anaongea kwa kunong'ona, na alisimama mbali na kipaza sauti. Mbu huyu anatosha kumfunika."

Alikaa akiitazama valvu ya kwanza kwa muda, kidole kwenye daftari lake la zamani. Kisha akasema, "Hii ina nyuzi mbili za moto, si mmoja. Hapa zimeungwa sambamba, zinakula volti sita. Nikiziunga kwa mfuatano zinakula kumi na mbili. Nani anatoa kumi na mbili, tena umeme usiokwenda na kurudi, unaokwenda tu?"

"Nani?"

"Gari, shemeji! Betri ya gari!"

Dereva teksi wa nyumba namba saba alikuja ameikumbatia betri yake kama mtoto mwenye homa. "Fundi, ikifa hii nitaisukuma teksi na abiria akiwa ndani."

"Itakula kidogo kuliko taa yako ya breki. Weka hapo."

Akaupima umeme, akaunga upande wa hasi na chesisi, akaiondoa valvu ya kwanza kwenye transfoma na kuiachia betri. Zile nne zikabaki kwenye waya zilizosokotwa. Akawasha, akafungua sauti mpaka mwisho.

Hakuna kitu. Walikaa watatu wakisikiliza hakuna kitu.

"Imekufa?" dereva alinong'ona.

Fundi akagusa kwa ukucha ile sehemu ambayo tepu hupita. *Tap*, ikajibu spika, ya karibu na safi kama mtu anayebisha hodi.

Rula alitaka waicheze tepu palepale. Fundi alikataa. Boksi lilikuwa na utepe wa msuluhishi, na tepu yenyewe ilikuwa imezeeka, kila kupita ilipukutisha unga wa rangi ya kutu. "Itachezwa mara moja, mbele ya masikio yanayohukumu. Sisi tunajua kilichomo."

Alhamisi saa nne mashine iliwekwa kwenye meza ndefu ya kampuni, betri sakafuni juu ya gazeti. Wakili aliitazama betri, akawatazama makarani wake, akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kujua nani alikitengeneza kidhibiti hiki. Maana kumbukumbu zetu," akafungua faili jembamba, "zinaonyesha kwamba mama huyu alikuwa mfagizi. Mfagizi ameufungua ushahidi, ameuunga na betri ya gari, na sisi tuuamini?"

Kumbe kumbukumbu za kampuni hazikupotea zote.

Fundi alifungua mdomo, lakini Rula alishasimama.

"Mheshimiwa, aliyeiharibu mashine ni mimi. Mimi si mfagizi, nilikuwa mfumaji daraja la kwanza, nina cheti na picha nikipokea cheti. Waya zilisokotwa na watu wanaojua, mimi nikazinyoosha kwa sababu nilipenda zinyooke. Huyu amezirudisha kama zilivyokuwa. Tepu hajaigusa. Iko kwenye boksi lake na utepe wako uliouweka Jumatatu. Ukitaka nikugeuzie mashine uone kazi yake, nageuza."

Msuluhishi alikuja mwenyewe, akainama, akaangalia. "Washeni," alisema.

"Subiri dakika moja, mheshimiwa," Fundi alisema. "Zipate moto."

Walisubiri. Valvu zikaiva. Kisha gurudumu likageuka, na kantini ikaingia chumbani: vikombe, viti vinavyoburutwa, mtu anakohoa. Meneja wa zamani aliongea kwa ile sauti yake ya chinichini, na kila neno lilisimama peke yake.

"*Wafumaji wangu. Suala la nyumba tutaliangalia. Tutaliangalia kwa jicho la huruma, kwa wale wanaostahili.*"

Makofi. Wakili akatabasamu, akaandika: *tutaliangalia*. Rula aliisogelea spika. Hii ndiyo ahadi? Hii ndiyo aliyoibana ikatoka? Ndani ya tepu makofi yakafifia, na ikatoka sauti ya mwanamke kijana, kutoka mbali, nyuma ya chumba.

"*Samahani, bwana meneja. Kuangalia si kutoa. Nyumba ni zetu au si zetu? Na sisi tunaofagia tumo, au hatumo?*"

Kisha sauti ya mwanamume, karibu kabisa na kipaza sauti. Rula aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"*Shemeji, kaa chini. Hiki ni kikao cha wafumaji. Usitutie aibu.*"

Vicheko. Vicheko virefu.

"*Nitakaa nikijibiwa.*"

Meneja akavuta pumzi, na pumzi yenyewe ilisikika, pumzi ya mtu aliyechoka na siku kumi na moja za mgomo. "*Sawa, mama. Nakujibu. Kila mwenye kadi ya kiwanda hiki, awe anafuma, awe anafagia, akitimiza miaka kumi na tano, nyumba anayokaa ni yake na watoto wake. Umeridhika?*"

"*Nimeridhika. Asante.*"

Fundi alisimamisha tepu. Wakili hakuwa anaandika tena.

"Huyo aliyeuliza ni nani?" msuluhishi aliuliza.

Rula alishika ukingo wa meza. Angeweza kunyamaza, sauti ya miaka kumi na tisa nyuma haina sura. "Ni fundi huyu," alisema. "Na aliyemwambia akae chini ni mimi. Nimewaambia watu miaka yote hii kwamba aliyembana meneja ni mimi. Niliamini hivyo, mheshimiwa. Siyo kweli."

Msuluhishi aliandika kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa alisema kwamba ahadi imesikika, kwamba ilitolewa kwa wote, na kwamba hakuna mtu atakayetolewa kwenye nyumba yoyote kati ya zile sitini na nne. Dirishani mtu aliyekuwa ametega sikio aliruka chini, na muda mfupi baadaye uwanja mzima ukawa unapiga kelele.

Ndani walibaki wawili na mashine.

"Ulijua kilichomo," Rula alisema.

"Nilikuwepo, shemeji."

"Ulijua nitasikika. Na bado umeisafisha mpaka pumzi ya meneja ikatoka."

"Ningefanyaje, nisafishe nusu?" Alikuwa anafungua waya za betri. Rula alinyoosha mikono kuibeba mashine, naye akampiga kofi dogo mkononi. "Acha kwanza. Vioo bado vina moto."

Rula akarudisha mikono. Akavuta kiti, na wakakaa kuzingoja valvu zipoe.